Nimekula Huko

Mwezi uliopita binti yangu alipunguzwa kazini, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyoa kichwa. Aliingia kwangu bila hodi, kipara kinang'aa, akasema, "Mama, nimeanza kubana matumizi. Saluni ndiyo ilikuwa inanimaliza." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kikanitoka. Yeye akadhani nimeudhika, akaanza kunitania kwamba akili ni nywele, basi zake ameamua zikae ndani zisichomwe na jua. Mimi sikucheka. Nilimwambia achukue leso yangu pale kwenye kiti ajifunge kichwa kwanza, ndipo tuongee. Akanitazama vile watoto wetu wanavyotutazama siku hizi, wakijiuliza kama tumeanza kuzeeka vibaya.

Sikuweza kumweleza siku ile. Wacha niwaeleze nyinyi wa rika langu, mliolelewa kwa kunyamaza mbele ya watu wazima. Nyinyi hamtanihitaji nifafanue sana.

Tulikaa Malaba, vyumba viwili vya kupanga karibu na barabara ya malori, ingawa kwetu hasa ni Usamia, upande wa Funyula. Baba alikuwa karani katika ofisi ndogo ya kupitisha mizigo mpakani. Dereva akifika na lori la kwenda Uganda, ni Baba aliyezunguka na karatasi zake kutoka meza hadi meza mpaka kizuizi kinyanyuliwe. Madereva walimwita boss, na matanboi, utingo wao wa lori, wakambebea mfuko. Alikuwa mtu wa kelele, Baba. Viatu vyake vilipigwa vyuma kisiginoni, ko, ko, ko, ukamsikia akiwa bado kwa fundi baiskeli. Akifika anafungua redio kabla hajavua koti, anaitisha chakula, na hapana aliyethubutu kutia mkono kwenye sahani kabla yeye hajamega tonge la kwanza. Alikula huku akisimulia, mpaka Mama anamwambia, "Baba Wandera, utapaliwa." Wandera ni ndugu yangu mdogo, ambaye wakati huo alijua kusema kila kitu na hakujua kuficha chochote. Mimi Baba aliniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Sasa, kabla ya haya nitakayosimulia, babu yetu alifariki kule Usamia, na hayo ndiyo yalikuwa matanga yangu ya kwanza. Hakuna aliyeniambia kwamba amekufa. Watoto hawakuwa wakiambiwa. Niliambiwa babu amesafiri, ilhali nilimwona amelazwa palepale sebuleni, amefunikwa shuka mpaka usoni. Basi nikajifunza kutazama na kujijibu mwenyewe. Niliona kitanda chake kikitolewa nje. Niliona watu wazima wakilala chini kwenye mikeka. Redio ilifunikwa kitambaa, haikulia mpaka tunaondoka. Baada ya mazishi tulinyolewa sote, wakubwa kwa wadogo, na nguo za babu zikagawiwa wanaume waliokuja, mmoja akaondoka na shati, mwingine na suruali. Koti alibaki nalo Kukhu, yaani nyanya yetu, akalivaa mchana na usiku, maana hivyo ndivyo mjane wa kwetu anavyofanya.

Ni Kukhu huyohuyo aliyeniketisha jikoni akinimenyea njugu na kunifundisha. "Ukisikia babu yako anakuita, usiitike," akasema. "Mtu akiwa mgeni huko bado hajazoea. Wengine hata hawajui wamekufa. Jioni anarudi tu nyumbani vile amezoea." Nikamwuliza mtu kama huyo utamjuaje. "Hatakula. Halafu anaongea na pua. Akikupa kitu, wewe usile, atakuchukua." Nikauliza kama hakuna njia ya kumsaidia. "Iko. Aambiwe ukweli. Akiambiwa tu, ataenda, na hutamwona tena." Aliyasema haya akitafuna njugu, bila kubadilisha sauti, na mimi nikayaweka moyoni yote pamoja na hesabu za shule na katekisimu.

Tukarudi Malaba. Nywele zikaota, tukasahau.

Halafu mpaka ukafungwa. Mambo ya wakubwa wa nchi, sisi tungejuaje? Tulichojua ni kwamba malori yalikoma. Kama hukukulia mji wa mpakani huwezi kujua ukimya ule ulivyo. Mimi tangu kuzaliwa nilibembelezwa na injini. Sasa barabara ilibaki tupu, mbwa wamelala katikati yake, na ng'ambo ya mto watu walisimama wakitutazama bila kupunga mkono. Waliovuka kwa njia za panya waliongea kwa kunong'ona. Walisema huko watu wanapotea, mtu anachukuliwa na hata mwili haurudishwi kwao. Yule fundi baiskeli wa jirani alivuka kumtazama shemeji yake, hakurudi. Mke wake hakuwa na kaburi la kulilia, akawa anaacha tu mlango wazi kila jioni, na sisi watoto tulipita hapo mbio, maana tulihisi kuna mtu anaingia.

Siku moja Baba naye akavuka. Alikuwa amesikia kuna kazi ya ukarani Tororo. Aliondoka asubuhi na viatu vyake vya vyuma, jioni hakurudi, na kesho yake mchana hakurudi. Mama hakuonja kitu. Mama Amoit, jirani yetu Mteso ambaye Mama hakuwa akimficha jambo, alikuja wakajifungia jikoni. Nikatega sikio. "Vyovyote itakavyokuwa," Mama alisema, "watoto wasiambiwe."

Magharibi hiyo nilikuwa nachezesha mawe kizingitini nikaona kivuli kimenifunika. Nikainua macho. Baba alikuwa amesimama juu yangu, miguu mitupu, viatu mkononi. Sikuwa nimemsikia hata kidogo. Akaingia, akaketi, wala hakuitazama redio. Mama akamwekea ugali. Baba akausukuma taratibu upande wetu sisi watoto.

"Wapatie hawa," akasema. "Mimi nimekula huko."

Nyinyi watu wazima mmeshaelewa. Ofisi ilikuwa imefungwa, mwenye ofisi amerudi zake Mombasa, Baba hana kazi, Tororo hakupata kitu, na viatu alivivua ili soli isiishe kwenye changarawe. Mimi sikuambiwa hata moja katika hayo. Nilimtazama mtu yule asiye na kishindo, asiyekula, na nikayakumbuka maneno ya Kukhu.

Kilichofuata kilifuatana vilevile nilivyoona Usamia. Kwanza kitanda. Mama aliamua turudishe chumba kimoja ili kodi ipungue, basi wakaja wanaume wakakibeba kitanda cha Baba na Mama mpaka uani, wakakisimamisha ukutani. Tangu hapo tulilala chini sote, mikekani, tumepangwa. Halafu redio. Betri zilianikwa juani mpaka zikakataa kabisa, ndipo Mama akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Nikamwuliza mbona anaifunika. "Vumbi," akasema, akageuka. Chai ikawa strungi, isiyo na maziwa, kisha strungi bila sukari. Kiberiti tukaacha kununua, nikawa natumwa kwa Mama Amoit kuomba makaa kwenye kigae. Ile taa yetu kubwa ya pampu iliuzwa, tukabaki na koroboi, na hata hiyo koroboi ikawa inawashwa kidogo tu kisha inapulizwa, moshi wake unabaki ukizunguka gizani na harufu yake inakukaa kooni.

Halafu nguo. Jumapili moja walikuja madereva waliokuwa wamekwama mpakani, wakasimama uani wakijaribu mashati ya Baba. Mmoja alivaa suruali ile ya kijivu ya kanisani, akajizungusha, akaridhika nayo. Baba mwenyewe alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda, anazitazama nguo zake zikiondoka na miili ya watu wengine. Watu hao ndio waliozoea kumwita boss. Hakuna hata mmoja aliyemsemesha. Walimlipa Mama, wakampita Baba kando, macho wameyatupa kwenye shamba la mahindi. Leo najua ilikuwa haya iliyowafanya wasimtazame. Siku ile niliona kwa macho yangu kwamba hawamwoni.

Koti moja halikuuzwa, na koti hilo Mama akaanza kulivaa. Sweta yake ilikuwa imefumuliwa ikawa ya Wandera, na alfajiri za Malaba zina baridi yake. Alikwenda sokoni kuuza mboga akiwa na koti la mume wake, mikono ameikunja, na mimi nikimtazama kwa nyuma nilimwona Kukhu.

Siku ya wembe ndiyo iliyonimaliza. Mama Amoit alikuja nao umefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Leta hao watoto," akasema. "Hii msitu yote inakula sabuni na mafuta ya bure." Akamnyoa Wandera, ambaye alicheka. Kisha Mama mwenyewe akafungua kitambaa chake, akakaa chini, akainamisha kichwa. Nywele za Mama zilikuwa nyingi. Zilipoanza kuanguka kwenye mchanga nikaangua kilio.

"Wewe, wembe haijakugusa hata," Mama Amoit akaniambia. "Unalilia nini?"

"Namlilia Baba."

Wanawake wale wakatazamana. Mama akanishika mabega, nusu ya kichwa chake ina nywele, nusu haina.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna."

"Sasa kama umejua, umejua," akasema. "Nyamaza. Usimwambie Wandera. Na mbele ya baba yako usionyeshe kwamba unajua, utamvunja."

Hapo sikubakiwa na shaka yoyote. Nikafuta machozi, nikakaa chini nikanyolewa.

Sasa niseme namna alivyokuja jioni, maana hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Hakupitia barabarani tena. Alikuja kupitia shamba la mahindi nyuma ya nyumba, wakati ule ambao si mchana wala si usiku, kuku wameshapanda na popo hawajatoka. Mahindi yalitikisika sehemu moja, yakatulia, yakatikisika karibu zaidi, kisha yakaachia mtu. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Kope nyeupe. Ndani ya masikio, nyeupe. Hata pale shingoni ngozi inapojikunja palikuwa na mistari myeupe. Alisimama chini ya ukingo wa paa bila kuingia, akaita kwa pua, "Mama. Njoo, mama."

Alikuwa amepata kibarua kwenye stoo moja ya simiti nyuma ya stesheni, kupakua mifuko. Alijiosha mtoni kabla ya kuja ili sisi tusijue, lakini simiti haitoki kirahisi hivyo, na lile vumbi lilikuwa limemziba pua. Alipita mahindini ili asikutane na waliomjua. Basi. Ni hayo tu, na yote ni ya kawaida. Lakini mimi nilikuwa mtoto, niko gizani, na Baba ananiita kwa pua, na Kukhu alisema nisiitike.

Sikuitika. Nilisimama nyuma ya mlango nimemshika Wandera mkono. Aliita tena, akasubiri, akaacha. Nilimsikia akishusha pumzi.

Msidhani nilitaka aende. Hapana. Nilimwogopa kuliko kitu chochote, na kila jioni jua likizama nilikuwa wa kwanza kukodolea macho yale mahindi, nikiomba yatikisike. Nilijua siku yasipotikisika ndiyo basi. Baba wa kuogopwa ni afadhali kuliko kutokuwa na Baba. Kwa hiyo nikajipangia: sitaitika, sitakula cha mkononi mwake, na sitaruhusu mtu yeyote amwambie ukweli. Alimradi hajui, ataendelea kuja.

Kumbe na yeye alikuwa akituletea chakula chake cha mchana. Pale stoo vibarua walipewa kipande cha muhogo wa kuchemsha au mandazi, na yeye alikifunga kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, akakibeba mfukoni mpaka jioni. "Shika, mama. Gawana na ndugu yako." Nilipokea kwa mikono miwili, vile tulivyofunzwa, nikazunguka nyuma ya choo nikachimba kwa kijiti, nikafukia. Tumbo langu lilinguruma nikifukia. Wandera alinifuata akilia anataka mandazi, na nilipoona atafanya majirani watusikie nikamwinamia nikamwambia yote. "Usile. Baba alikufa. Lakini hajui. Ukimwambia, ataenda na hatarudi." Wandera akafikiri. Akaniuliza kama inauma, kufa. Nikamwambia sijui. Akasema basi hatamwambia.

Kuku wa Mama Amoit ndio walioniumbua. Jioni moja walifukua huko nyuma, na Baba alipotokea mahindini akaikuta mandazi yake ya jana katikati ya kuku wanaigombania. Akaiokota. Ilikuwa imejaa udongo. Akaja nayo mpaka mlangoni ameishika kiganjani. Mama akatazama mandazi, akanitazama mimi, akavua kandambili.

"Chakula cha baba yako ndio unatupa? Na vile anashinda huko..."

"Mwache," Baba akasema.

"Nimwache? Mtoto anadharau hivi, nimwache?"

"Mwache, Mama Wandera. Huyu mtoto ana macho. Anaona mimi ni nini sasa." Akaitia ile mandazi mfukoni, na udongo wake. "Siwezi kumlaumu."

Mama akarudisha kandambili mguuni, taratibu. Mimi nilichosikia ni kwamba Baba ameanza kujua.

Tangu siku hiyo hakuniita tena. Alikuja, lakini aliketi mbali, pale nje kwenye jiwe la kufulia, mgongo ametupa. Siku iliyofuata akaketi mbali zaidi, karibu na mahindi. Mama akimwambia aingie anajibu anapunga upepo. Nilikuwa nikichungulia kwenye upenyo wa dirisha naona kile kivuli chake kinavyosogea nyuma kidogo kila jioni, na nilijua sasa kimebaki kidogo tu, atarudi ndani ya majani.

Jioni ya mwisho ilikuwa bado na mwanga wakati alipokuja kuchuchumaa mlangoni. Tulikuwa tumekaa kuzunguka sufuria, ugali mdogo na mrenda. Alisubiri mpaka Mama ameweka mwiko chini.

"Kuanzia kesho nitakuwa nalala huko stoo," akasema. "Nimeongea na mlinzi, amekubali. Hapa mdomo mmoja utakuwa umepungua."

"Mdomo gani?" Mama akamwuliza. "Mdomo gani, Baba Wandera, na wewe huli?"

"Hata hivyo. Mkeka, maji, sabuni, kila mtu ana gharama yake. Mimi hapa sina ninacholeta. Hata watoto..." Akanitupia jicho, akaliondoa upesi. "Ni afadhali."

Mama akaweka mkono kinywani. Ndipo Wandera, mrenda umemjaa kidevuni, akamgeukia Baba kwa upole sana.

"Baba, kama unaenda kwa sababu umekufa, usiende. Dada alisema ukijua ndio utaenda. Lakini mimi sijakuambia."

Nilimziba mdomo, lakini ni kazi bure. Baba alimtazama Wandera, akanitazama mimi, kichwa changu kisicho na nywele, akamtazama Mama ndani ya lile koti. Uso wake ukalegea. Akasimama, akatoka nje, na miguu yake haikusikika ikienda.

Nikajua ndiyo hiyo. Ameambiwa, na anaenda.

Sijui niliruka vipi ile sufuria. Nilitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshafika kwenye mahindi, mkono mmoja umetenga majani, nusu ya mwili imeingia. "Baba," nikaita. Hakugeuka. Upepo ulipita juu ya shamba lote, na nilidhani ni yeye anayeondoka. Nikaita tena. Nilisimama pale nikisubiri kuitikiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimemnyima hilo jioni zote zile. Sijawahi kungoja kitu namna hiyo, hata hospitalini nikiwangojea wagonjwa wangu.

"Eeh, mama," akaitika kwa pua.

Akageuka, akachuchumaa ili macho yetu yalingane. Machozi yalikuwa yamechora mifereji kwenye ile nyeupe.

"Nani alikuambia nimekufa?"

"Hakuna. Niliona."

"Uliona nini?"

Nikamwambia. Kitanda kilitolewa nje na tunalala chini. Redio imefunikwa. Watu walichukua nguo zako na hawakukuamkia. Mama amevaa koti lako. Tumenyolewa. Unatembea hausikiki, una nyeupe masikioni, unaongea kwa pua. Alinisikiliza yote bila kunikatiza, akitikisa kichwa polepole, na nilipofika mwisho akakaa kitako kabisa kwenye udongo.

"Ukiyapanga hivyo," akasema, "hata mimi ningejizika."

Kisha akaniambia. "Ni kazi iliyokwisha, mama. Si mimi. Hii ni simiti." Akanipa kiganja nikishike. Kilikuwa kimepasuka-pasuka na simiti imechoma mle ndani ya mipasuko, na damu mbichi ikanibaki kidoleni. Kilikuwa cha moto. Lakini mimi nilifunzwa na Kukhu, sikuwa wa kuridhika haraka.

"Huli," nikamwambia.

"Huwa nime..." akaanza, akaacha. Akaitazama nyumba. "Nikila, utaamini?"

"Ndiyo."

Tukarudi ndani. Sasa nilimshika mkono, na hakuna aliyeniambia niuachie. "Mama Wandera," akasema, "sogeza hiyo sufuria." Mama akasogeza bila kuuliza. Baba akaketi mahali pake pa zamani, akamega tonge, akalinyanyua nilione, akachovya, akala. "Umeona?" akaniuliza, na akajaribu kutabasamu. Akamega la pili.

La tatu hakulinyanyua tena. Mkono ulianza kwenda wenyewe. Hakusimulia, hakutafuna, alimeza tu, ameinama juu ya sufuria, pumzi inamtoka kwa nguvu kupitia ile pua iliyoziba. Alimaliza upande wake akaingia upande wa Mama, akaingia wetu. Mama alikuwa akiisukuma bakuli ya mrenda kuelekea kwake kwa kidole kimoja, kidogo kidogo, ili asimshtue. Alikomba ukoko kwa kucha. Nilikuwa nimemwogopa siku zote hizo, lakini hofu yenyewe hasa niliijua hapo, nilipoelewa kwamba mtu huyu amekuwa na njaa ya namna hii kila jioni, ameketi mbele yetu, anatutazama tukila.

Aliposhtuka hapakuwa na kitu. Akaitazama sufuria tupu, akatutazama sisi watoto, na sisi hatukuwa tumekula hata nusu. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Wandera alichungulia ndani ya sufuria kuhakikisha, kisha akamvuta Mama mkono wa koti.

"Mama," akauliza, "na kesho pia Baba atakuwa hai?"

Mama akampakata, akamfuta kidevu.

"Atakuwa hai," akasema. "Kesho tutakula kidogo kidogo, sote wanne."